Mche Wenye Matundu

Fedha, nasema. Madini yenyewe, si noti.
Lugha yetu ilizipa jina moja tangu zamani,
na kazi yangu, uchochoroni nyuma ya soko la Majengo,
ni kuzitenganisha kwa keekee.

Leo kaingia Sechelela Mbukwa,
vumbi la Bahi bado kwenye kandambili.
Kafungua kanga, katua mezani
kitu kama mche wa sabuni uliotafunwa na panya:
pembe moja imeliwa na msumeno,
ubavuni doa la tindikali, kahawia, kama chai iliyomwagika,
na matundu matatu.

La kwanza silijui. Mtu wa mbali, mkono mwepesi.
La pili ni la marehemu Chilewa, aliyenifundisha kazi:
tangu avunjike kifundo keekee yake ililalia kushoto.
La tatu ni langu.

Mwaka ule wa ukame aliuleta baba yake.
Nikatoboa. Nikadondosha tone kwenye unga, likawaka jekundu.
Nikamwambia, ni safi, mzee, safi kabisa,
ila una matundu,
nikamtajia bei ya matundu.
Aliufunga bila neno akaondoka.
Tundu akabaki nalo yeye.
Unga nikabaki nao mimi.

Biashara yetu ndiyo hiyo, tusifichane:
tunakichubua kitu tujue kama ni kizima,
tukishajua
tunakilipia kama kilichochubuka.

Bosi Hamdani yuko msibani Kondoa.
Sheria yake kaiacha ukutani, kwa herufi kubwa:
USINUNUE BILA KUTOBOA.
Nikanyoosha mkono kwenye keekee.
Sechelela akauwekea mche kiganja.

"Tena?"
"Ndio utaratibu, dada."
Akajigusa pajini, penye kovu la mviringo.
"Hapa nilichomwa nikiwa na miaka miwili, ati dawa ya macho.
Mbona kwenye basi nalipa nauli nzima?"

Nje alikuwa anapita mtoto na ndoo ya barafu za ubuyu.
Nikanunua moja. Nikaichana kwa meno,
nikailaza juu ya mche.
Juu ya chuma barafu huaga taratibu, kama mgeni wa Idi.
Juu ya fedha haiagi.
Ilikwenda tukiitazama,
maji mekundu yakashuka, yakajaza tundu la mtu wa mbali,
la Chilewa, langu.

Hiyo haitoshi, nilijua. Nikatafuta uzi, bakuli, mizani.
Hewani: gramu mia tisa themanini na sita.
Majini, baada ya kuvitoa kwa sindano
viputo vitatu vilivyong'ang'ania matunduni,
zilipungua tisini na nne.
Gawanya mwenyewe. Kumi, nukta nne tisa.
Maji hayakuuliza nani alitoboa.

Chini ya meza nina kopo la kahawa.
Ndani yake unga wa miaka kumi na miwili,
wa matundu yote niliyowahi kutoboa,
nikipanga siku moja niuyeyushe, nipate pete au hereni, sijui.
Nikalifungua. Nikachota kwa ncha ya kisu,
nikaongeza kwenye sahani ya mizani, gramu tatu hivi.
Zipi zake, zipi za wenzake, hakuna ajuaye.

Nikamlipa uzito wote. Sikukata hata senti ya kovu.
Bosi akirudi nitamwambia…
bosi akirudi tutaonana.

Sechelela alizihesabu noti mara mbili,
akalamba kidole, akahesabu mara ya tatu.
Moja akaiinua dirishani, akaikwaruza kwa ukucha,
akaigeuza, akaikunja uso.

"Hii imechanika pembeni," akasema.
"Nibadilishie."

Nikambadilishia.